Mkoba Usioingia Kamera: shajara ya rafu yangu ya kamera za Dresden

12 Januari

Nimepima ukuta wa chumba cha nyuma leo. Rafu itakuwa moja tu, meta moja na nusu, kwa sababu mke wangu ameshatoa hukumu: kamera mbovu zisizaliane humu ndani kama paka wa Darajani. Sawa. Rafu moja, kamera tano au sita, zote za ukoo mmoja.

Ukoo wenyewe ni wa Dresden. Ukitaja kamera za SLR za filamu, mawazo ya watu yanakimbilia Japani, kwa Nikon na Canon. Lakini kabla ya Japani palikuwa na mji huu wa Ujerumani, uliosongamana viwanda vya kamera kama Kariakoo ilivyosongamana maduka ya vitambaa, na huko ndiko kamera ya namna hii ilikopata umbo tunalolijua. Kwa asiyezijua: SLR ni kamera ambayo jicho linaona kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Nyuma ya lenzi kuna kijioo kilichoinama, kinarusha taswira juu. Ukibonyeza, kijioo kinanyanyuka, shata inafunguka, mwanga unaifikia filamu.

Sababu ya kuchagua Dresden ni ya nyumbani. Mwaka jana Bibi alinipa kamera ya marehemu Babu, Praktica, pamoja na mkoba wa ngozi na bahasha ya filamu zilizokwisha safishwa. Babu alikuwa fundi umeme kwenye nyumba za maendeleo za Kikwajuni, zile zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema 1964, wakati nchi nyingi zikiikwepa, nao wakaleta wahandisi na ramani. Hadithi ya kwetu ni kwamba mhandisi mmoja alipomaliza mkataba wake, 1966, aliivua kamera shingoni mwake akamvisha Babu.

"Akiipenda kuliko mimi," alisema Bibi. "Na akipiga picha anainamisha kichwa hivi, kama mtoto wa chuoni juu ya juzuu."

Kamera haiingii mkobani. Ngozi imesinyaa, nadhani, kwa miaka yote hiyo kabatini.

19 Januari

Nimeifungua. Kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo bisibisi ndogo ninazo za kutosha, na mikono imezoea skurubu zinazopotea ukipiga chafya. Kamera ya filamu kwa kweli ni rahisi kuliko simu. Hakuna kilichogandishwa kwa gundi, kila kitu kina skurubu yake, na aliyeiunda alitarajia kwamba siku moja fundi mwingine ataingia humo.

Hali niliyoikuta: kijioo kimekwama juu. Sponji ndogo inayokipokea kijioo kikinyanyuka imegeuka kitu kama lami, na lami hiyo ndiyo iliyokishika. Nimeikwangua kwa kijiti cha mshikaki na spiriti, saa nzima, bila kugusa uso wa kijioo. Kijioo cha SLR kimepakwa fedha upande wa mbele, si nyuma ya kioo kama kioo cha kujitazamia, na ukikifuta kwa kitambaa tu unaweza kukichuna.

Shata iko hai. Hii ndiyo sifa ya Praktica za kundi la L, lililoanza 1969: badala ya pazia la kitambaa, zina vibati vya chuma vinavyoshuka wima. Sauti yake si ya kistaarabu hata kidogo. Ni mlango wa banda la kuku uliofungwa na upepo. Lakini kitambaa huoza, na chuma kikikaa bila kutu kinakusubiri. Nimevuta na kubonyeza mara mia moja kwenye kila kasi, kuanzia sekunde moja mpaka 1/1000, mpaka grisi ya zamani ikalainika. Kasi za chini zilikuwa zinakokota miguu, sasa zinakwenda.

Kitu kingine cha kupendeza: kitufe cha kupigia picha hakiko juu, kiko mbele ya mwili, kimeinama kidogo, kidole kinakikuta chenyewe. Ukikibonyeza unaisukuma kamera kuelekea kwako, haitikisiki kwenda chini. Wajapani karibu wote walikiweka juu, na dunia ikafuata. Mimi nabaki na Dresden katika hili.

26 Januari

Balaa.

Nilikuwa naandika kikadi cha kuweka mbele ya kamera kwenye rafu: jina, kiwanda, mwaka. Jina limeandikwa usoni pake, MTL 3. Nikaandika 1966, nikasita. MTL 3 ilianza kutengenezwa 1978. Hata kundi lote la L, kama nilivyoandika mwenyewe wiki iliyopita bila kujisikia, lilianza 1969. Mhandisi wa 1966 hakuweza kumvisha Babu kamera ambayo haijazaliwa.

Nimekaa na kalamu mkononi. Kamera ina tabia hii mbaya ya kutosema uongo. Kila kiwanda kiliacha alama zake, na alama hizo hazijali hadithi za nyumbani.

28 Januari

Nimempigia simu mjomba wangu aliyeko Muscat. Kabla sijamaliza swali akaanza kucheka.

"Ile Praktica? Mie ndiye niliyeileta! Nimekwenda kusoma Ujerumani Mashariki miaka ya themanini, nimerudi nayo, nikampa baba. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Sasa mbona Bibi anasema ni ya mhandisi wa Kikwajuni?"

"Mamangu mtu mzima, mwanangu. Anachanganya."

Basi. Kikadi nimekiandika upya. Bibi sijamwambia. Nitamwambiaje?

15 Februari

Imefika kamera ya pili, na hii ndiyo mzizi wa rafu nzima: Exakta Varex IIa, toleo la 1957. Nimeinunua Ulaya kwa mtu aliyeapa kwamba kila kitu kinafanya kazi. Binamu yangu wa Hamburg ameipokea na kuituma na msafiri.

Historia yake ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Kiwanda kiliitwa Ihagee, jina ambalo ni herufi tatu tu, I, H na G, zikitamkwa Kijerumani. Kilianzishwa 1912 na Mholanzi, Johan Steenbergen. Mwaka 1933 mbunifu wao, Karl Nüchterlein, alitoa Exakta ya filamu ya namba 127, na 1936, kwenye maonyesho ya Leipzig, Ihagee ikaonyesha Kine Exakta, SLR iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Filamu hiyohiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Nüchterlein hakurudi kutoka vitani. Kiwanda chenyewe kiliteketea Februari 1945, Dresden ilipopigwa mabomu, na wafanyakazi wakaanza upya kwenye majengo ya watu. Kwa kuwa mmiliki alikuwa raia wa Uholanzi, serikali ya Ujerumani Mashariki haikukitaifisha moja kwa moja kama vingine. Kiliwekwa chini ya usimamizi tu, kikaendelea miaka mingi kikiwa si cha mtu wala si cha umma, mpaka kampuni kubwa ya Pentacon ilipokimeza kuanzia 1970.

Mwili wa Exakta hauna pembe nne za kawaida. Ncha zake mbili zimekatwa kishazari, kama jahazi lililotazamwa kutoka juu. Kila kitu kiko kushoto: unavuta filamu kwa dole gumba la kushoto, mkono wa kuvutia unazunguka karibu duara zima, na unabonyeza kwa kidole cha kushoto. Kasi zinafika sekunde 12 upande wa polepole. Ndani kuna kisu. Kisu kweli, kidogo, cha kukatia filamu katikati ili usafishe picha ulizokwisha piga bila kungoja mkanda umalizike. Nani aliwaza kitu kama hicho? Mtu aliyewahi kuwa na haraka na mfuko mtupu, bila shaka.

Na juu yake kiangalizi, lile dirisha la kutazamia, kinatoka. Unaweza kuweka chenye prizimu, kioo kinene kinachogeuza taswira, utazame mbele kama kawaida, au ukaweka cha kufunguka kama kisanduku, utazame chini ukiwa umeshika kamera kifuani.

Sasa habari mbaya. Nimeingia chooni usiku, nimezima taa, nimewasha tochi ndani ya kamera bila lenzi, nimetazama nyuma. Pazia la shata lina nyota kama anga la Jambiani. Kitambaa chake kimepakwa mpira, na mpira ukizeeka unapasuka vitundu. Kila kitundu ni doa kwenye picha. "Kila kitu kinafanya kazi." Ndiyo, hata pakacha linashika maji ukilitazama kwa haraka.

17 Februari

Nimejaribu kuingiza Exakta kwenye mkoba wa Babu, kwa utani tu. Haikuingia, ni kubwa. Lakini nimeutazama mkoba vizuri kwa mara ya kwanza. Ncha zake hazina pembe nne. Zimekatwa kishazari.

Ngozi haikusinyaa.

2 Machi

Siku mbili nimekuwa nikiupima mkoba huu kama fundi cherehani anayepima maiti. Herufi za mbele zimelika, hazisomeki. Chini kuna tundu la skurubu ya kushikia kamera. Kilichonishangaza ni mfuniko: ni bapa. Mkoba wa SLR yenye prizimu huwa na nundu katikati, kwa sababu prizimu inachomoza kama kibanda juu ya paa. Huu hauna nundu. Ulishonwa kwa ajili ya kamera ndogo, yenye ncha za kishazari, isiyo na prizimu juu.

Nadhani najua ni nini. Lakini sitaki kuandika bado, maana Januari nilishajua mambo mengi.

23 Machi

Masika yameingia na kazi imekuwa ya ulinzi. Kuvu ni mwizi wa lenzi hapa Unguja. Anaingia katikati ya vioo, anatandaza nyuzi kama buibui, na akikaa sana anakula hata rangi iliyopakwa kwenye kioo kuzuia mwako. Hapo hata ukimfuta, alama inabaki. Dawa yangu ni ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, vipakiti vya silika vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu, na kuvikausha vipakiti hivyo kwenye jiko la mkaa lililokwisha kupoa. Mkoba wa ngozi haukai na kamera ndoo moja. Ngozi hunywa unyevu, ndiyo nyumba ya kuvu. Waliosema kamera itunzwe mkobani mwake walikuwa wanaishi kwenye baridi.

Lenzi ya MTL 3, Pentacon 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la 1.8, ilikuwa na ugonjwa wa kawaida wa aina yake: mafuta yamesambaa kwenye vibati vya tundu, vikashikana. Nimeivua kutoka mbele, nimeosha vibati kwa petroli nyepesi ya kiberiti mara tatu, nimevirudisha vikavu kabisa. Vibati hivyo havitaki mafuta hata tone. Sasa vinafunga kama kope. Lenzi hii, kwa njia, asili yake si Dresden bali Görlitz, kwa Meyer-Optik, ikiitwa Oreston. Meyer ilipoingizwa Pentacon mwishoni mwa miaka ya 1960 jina likabadilika.

6 Aprili

Zenit-E imeingia, zawadi ya rafiki wa Dar aliyechoka nayo. Nzito kama kinu. Hii ni ya Krasnogorsk, karibu na Moscow, na ilianza 1965. Tarakimu mbili za kwanza za namba yake ni mwaka iliyotengenezwa, hii yangu 77. Laiti na Wajerumani wangefanya hivyo.

Watauliza inafanya nini kwenye rafu ya Dresden. Jibu liko kwenye lenzi yake. Helios 44, milimita 58, ni mtoto wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, lenzi iliyotengenezwa kabla ya vita. Baada ya 1945 Wasovieti walichukua mashine, michoro na watu. Na tundu la kufungia lenzi, lile la milimita 42 lenye hesi ya milimita moja, ni la Dresden vilevile. Lilitokea pale 1949, kwenye Praktica ya kwanza na kwenye Contax S. Hesi hiyo ikaenea Urusi na Japani, na ndiyo sababu lenzi ya Moscow inafunga kwenye mwili wa Dresden bila ugomvi. Nimeijaribu. Inafunga.

Contax S yenyewe sitainunua. Ni ya kwanza ya Dresden yenye prizimu ya pembe tano iliyojengwa ndani, ile inayokuwezesha kuona mbele sawasawa, kushoto kikiwa kushoto, na bei yake ni bei ya pikipiki. Nimeweka kikadi chake bila kamera. Mke wangu amesema hiyo ndiyo kamera anayoipenda kuliko zote.

20 Aprili

Nimesoma usiku kucha habari za kiwanda kilichozaa Praktica, na sijui niiandikeje bila kurefusha.

Kiliitwa Kamera-Werkstätten. Waliokianzisha 1919 ni Paul Guthe na Benno Thorsch. Wanazi walipoingia madarakani, Guthe alikimbilia Uswisi. Mwaka 1938 Thorsch alibadilishana na Mjerumani aliyekuwa raia wa Marekani, Charles Noble, mwenye biashara ya kusafisha picha Detroit. Mmoja akaenda Marekani, mwingine akarudi Ujerumani kuchukua kiwanda cha kamera. Hebu fikiria biashara hiyo, mmoja akiingia kwenye nyumba inayoungua na mwenzake akitoka. Chini ya Noble ilitoka Praktiflex, 1939, SLR nyepesi na ya bei nafuu. Kiwanda kilihamia Niedersedlitz, pembezoni mwa mji, na kwa sababu hiyo mabomu ya 1945 hayakukifikia. Kilipona. Mwenyewe hakupona. Wasovieti walimkamata Noble pamoja na mwanawe John, kiwanda kikachukuliwa. Baba aliachiwa 1952. Mwana alipelekwa mpaka kambi za Vorkuta, kaskazini ya mbali, na hakutoka mpaka 1955. Baada ya Ujerumani kuungana, John alirudi Dresden, akakidai kiwanda cha baba yake na kuanza kutengeneza kamera za picha pana zilizoitwa Noblex.

Jina la Praktica lilizaliwa 1949 wao wakiwa kifungoni. Kila nikivuta filamu kwenye MTL 3 naiwaza hiyo.

4 Mei

Mjapani wa rafu: Asahi Pentax Spotmatic, ya kundi lililotoka 1964. Hapa ndipo ukoo ulipohama. Asahi walitoa SLR ya kwanza ya Japani ya filamu ya milimita 35, Asahiflex, 1952, na 1954 wakaweka kijioo kinachorudi chenyewe. Kwenye Exakta yangu, ukishapiga picha, kiangalizi kinakuwa giza mpaka uvute filamu tena. Ukiwa umepiga na bibi harusi kafumba macho hujui mpaka siku ya kusafisha. Kwenye Asahiflex giza hilo likawa kufumba na kufumbua. Jambo dogo, lakini ndilo lililofanya watu waache kuziona SLR kuwa mashine za maabara.

Na jina Pentax je? Ni la Dresden. Lilisajiliwa na Zeiss Ikon ya Ujerumani Mashariki, kutoka pentaprizimu na Contax, na Asahi wakalichukua kwa kamera yao ya 1957. Yaani Wajerumani waliuza mpaka jina la mtoto.

Lenzi yake, Super-Takumar 50 ya 1.4, ilifika na rangi ya chai ya rangi. Si uchafu. Kioo kimojawapo kina thoriamu, na miale yake inakipaka kioo umanjano kadiri miaka inavyopita. Dawa ni jua. Nimeiweka dirishani upande wa mashariki, siku kumi na nane za mapumziko ya mvua, nimeizungushia karatasi ya bati nyuma. Imerudi nyeupe kama maji ya dafu. Mvua ilikuwa inaniibia siku, ndiyo maana imechukua muda.

18 Mei

Bahasha ya filamu. Nilikuwa nikiiahirisha, sijui kwa nini. Labda nilijua.

Nimezitandaza juu ya simu kubwa iliyowashwa skrini nyeupe. Vipande kumi na vitatu. Pembeni mwa filamu pameandikwa ORWO. Hiyo ni filamu ya Wolfen, Ujerumani Mashariki, na jina hilo lilianza kutumika 1964, kabla ya hapo waliiuza kwa jina la Agfa. Kwa hiyo si kabla ya 1964. Na nyuma ya watu, katika picha sita, kuna majengo ya Kikwajuni yamezungukwa na majukwaa ya miti, madirisha bado matundu matupu. Picha hizi ni za miaka ya sitini. Mjomba wakati ule alikuwa anacheza gololi.

Palikuwa na kamera nyingine.

19 Mei

Sikulala vizuri. Kuna vipande viwili vya vijana wanaoruka baharini Forodhani, kama wanavyoruka mpaka leo. Picha nane, jua kali, na katika zote nane anayeruka amefifia, amevutika kuelekea chini kama wino uliomwagikiwa maji, ilhali ukuta na watazamaji wako wazi kabisa. Babu alikuwa na mkono imara, basi. Kamera ndiyo haikuwa na mbio.

Nimepiga hesabu. Mtu akiruka kutoka juu ya ule ukuta, akikaribia maji anateremka karibu meta saba kwa sekunde. Kwa kasi ya 1/1000 anashuka milimita saba wakati shata iko wazi, unamwona mpaka tone la jasho. Kwa filamu ya enzi hizo na jua la saa sita, 1/1000 ilikuwa inawezekana bila tabu. Anayetaka kumkamata mrukaji angeitumia, kama anayo. Kwa 1/175 anashuka sentimeta nne. Sentimeta nne ndio mfifio ninaouona, ukilinganisha na upana wa kiganja chake.

1/175 ni kasi ya ajabu, haipo kwenye Exakta, haipo kwenye Praktica. Ipo kwenye Exa.

Exa ni mdogo wa Exakta, wa kiwanda hichohicho, alianza 1951. Ni kamera ya mtu wa kawaida. Ili kupunguza gharama hawakuweka pazia, kijioo chenyewe ndicho sehemu ya shata: kinaponyanyuka kinafungua njia ya mwanga, na kipande kingine nyuma yake kinaifunga. Akili nyingi kwa vyuma vichache, lakini kijioo kizito hakikimbii, ndiyo maana Exa za aina hiyo hazikupita 1/175. Kwenye zile za miaka ya sitini kasi ni nne tu, 1/30, 1/60, 1/125 na hiyo. Ina ncha za kishazari. Ni ndogo kuliko Exakta. Na kiangalizi chake kinatoka, unaweza kutembea nacho cha kutazama chini, kisicho na prizimu, chenye mfuniko bapa.

"Akipiga picha anainamisha kichwa hivi, kama mtoto wa chuoni juu ya juzuu."

Miezi minne imeandikwa hapa, ukurasa wa kwanza, na mimi nilidhani ni mapambo. Kwa MTL 3 huwezi kuinamisha kichwa. Prizimu yake haitoki.

25 Mei

Nimempigia binamu wa Hamburg. Exa Ia, ya 1964 na kuendelea, yenye kiangalizi cha kutazamia chini. Bei yake ni ya mlo wa watu wawili. Sikuuliza mara mbili.

Mjomba nimemtumia ujumbe wa sauti mrefu. Amejibu neno moja: "Duh."

13 Julai

Imefika jana usiku. Sikuisafisha. Nimeiingiza mkobani kama ilivyotoka kwenye boksi. Imeteleza mpaka chini, skurubu imeikuta tundu lake, mfuniko umefunga, kitufe kimelia. Ndani ya mfuniko kuna alama ya mviringo, ngozi imelika, na mviringo huo umelalia kigurudumu cha Exa sawasawa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Umeniletea nini, embe?"

Nimemwekea mkoba mapajani. Ameufungua mwenyewe, bila haraka, ameitoa kamera, ameigeuza.

"Hii siyo," kasema. "Ile alimwazima mtu wa Pemba, haikurudi. Nilimwambia asiazime. Lakini ndiyo namna yake."

"Bibi, mbona hukuniambia kulikuwa na mbili?"

"Hukuniuliza."

Nimemfungulia kiangalizi. Ameishika tumboni, ameinamisha kichwa. Uani palikuwa na mtoto wa jirani anapita na ndoo. Bibi akawa anamfuata, akazungusha kamera kushoto, mtoto akampotea.

"Mbona anakwenda huku, na humu anakwenda kule?"

Nikamweleza kwamba bila prizimu kushoto na kulia vinabadilishana, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hakunisikiliza. Alikuwa amempata mtoto, akabonyeza kwa kidole cha kushoto, na kiangalizi kikazima, giza tupu, kijioo kimebaki juu. Nilifungua mdomo kumwambia asiogope, haijaharibika, ndivyo zilivyo.

Dole gumba lake lilikuwa limeshafika kwenye mkono wa kuvutia filamu. Akauvuta mpaka mwisho bila kuutazama, mwanga ukarudi, akaendelea kumtafuta mtoto wa ndoo.